Upande Unaoliwa

Kaloki hakuwahi kupima kitu kwa kamba kavu. Alisema kamba ya mkonge ikiwa kavu huvutika, ikipata umande hujikunja, na mtu anayepima nayo hivyo hivyo anajidanganya mwenyewe. Kwa hiyo kila mwaka, mwezi wa tano, mvua ya masika ilipokwisha kulijaza bwawa, mkewe Mbula alimwachia ndoo nzima ya maji ailoweke kamba mpaka asubuhi, ingawa maji yenyewe aliyateka mbali na kuyabeba mgongoni.

Asubuhi ile, katika mwaka ambao watoto wa shule walianza kupewa maziwa ya bure, aliitoa kamba ndani ya ndoo, akaikamua kwa viganja na kuikagua fundo kwa fundo. Mbula alikuwa amekaa mlangoni akipuliza uji. Kutoka mlangoni hapo mtu aliweza kuliona Bwawa la Nairobi lote, kwa sababu nyumba yao ya Silanga ilikuwa juu yake kabisa, na kila mwaka ilikuwa juu yake zaidi. Walipojenga, shamba lilianzia nyuma ya nyumba likashuka polepole hadi kwenye maji, na Mbula alilima humo sukuma wiki, maharagwe na maboga. Sasa ukingo ulikuwa umekatika kama mkate. Maji yaliula kutoka chini, udongo wa juu ukining'inia kwa siku kadhaa, kisha ukaporomoka na mimea yake. Choo kilikuwa kimeshatumbukia. Ilibaki mistari michache ya sukuma wiki, halafu ukuta wa nyumba.

"Mwaka huu lazima tupate kule," Kaloki alisema. "La sivyo tutalala majini."

Mbula akamjibu kwamba uji unapoa.

Kule alikokusema ni upande wa pili, mdomoni mwa mto, mahali maji ya kahawia yanapoingia bwawani na kupunguza mwendo. Mto ulitua mzigo wake hapo. Kila masika uliacha tope jipya, jeusi, laini, na tope likikauka kidogo likawa shamba ambalo halikuwapo mwaka uliopita. Wakulima wa Silanga walikuwa na majina yao kwa pande hizo mbili. Huku waliita upande unaoliwa, kule wakaita upande unaozaa. Kaloki aliangukia upande unaoliwa. Upande unaozaa ulikuwa wa rafiki yake Kihara.

Kihara alizaliwa Kawangware, katika ardhi ya baba yake, na juu ya ardhi hiyo alikuwa amejenga vyumba vya kupangisha safu mbili. Alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa maneno taratibu. Kaloki alipofika Nairobi kutoka Kitui, msumeno na randa vikiwa ndani ya gunia, Kihara ndiye aliyemwonyesha pembe ya mbele ya ploti yake na kumwambia aweke benchi lake la useremala hapo, mengine watazungumza baadaye. Mengine hayo hawakuyazungumza kamwe. Siku Kaloki alipofunga ndoa na Mbula, Kihara alisimama kando yake kama msimamizi, amevaa koti jeusi la baba yake, na picha ya siku ile ilitundikwa ukutani Silanga. Kila siku ya kazi Kaloki alitoka Silanga kwa miguu, akapita Makina watu wa msikiti wakifungua maduka yao, akafika Kawangware kabla jua halijawa kali. Njiani alikuwa na tabia ya kujihesabia bahati zake, na Kihara hakukosa kuwamo.

Kugawana tope lilikuwa wazo la Kihara. Mwaka ambao ukingo wa Kaloki uliporomoka mara ya kwanza, Kihara alikuja kuutazama, akasimama kwa muda mrefu mikono nyuma.

"Maji ni yale yale," alisema. "Yanakula kwako, yanakuja kutapika kwangu. Haitakuwa haki mimi nilime udongo wako. Tutakuwa tunapima. Ulicholiwa wewe, utakikata katika nilichozaliwa mimi."

Kaloki alikaribia kulia. Akajitwika kazi ya kutunga kanuni, kwa sababu alikuwa seremala na hakuamini macho matupu. Kwanza, pa kuanzia pasiwe kigingi, kwa kuwa kigingi kinang'oka. Kwake walianzia kwenye shina la mkalitusi mkubwa, kwa Kihara wakaanzia kwenye mwamba ulioshinda tembo wawili kwa ukubwa. Pili, kamba iwe imelowa. Tatu, mwenye shamba asishike ncha ya majini. Kwa Kaloki, Kihara ndiye aliyeteremka hadi kwenye maji, na kwa Kihara akateremka Kaloki, ili kila mmoja aone kwa jicho lake mahali nchi kavu inapoishia.

Kanuni ya nne ndiyo Kaloki aliyojivunia kuliko zote. Bwawa hupanda na kushuka. Ukipima kiangazi utadhani tope limezaa sana, kumbe maji tu yamerudi nyuma. Kwa hiyo ilihitajika siku moja ambayo maji yako pale pale kila mwaka. Siku hiyo alikuwa ameipata. Mwisho wa tuta la bwawa palikuwa na mfereji wa saruji ambapo maji ya ziada yalitokea. Wakulima waliuita mdomo. Maji yakifika kimo cha mdomo humwagika, na yakianza kumwagika hayana pa kupanda tena. "Mdomo ndio rula," Kaloki alimweleza Kihara. "Hiyo rula imejengwa kwa saruji. Haidanganyi." Mlinzi wa bwawa alikuwa Musyoka, ndugu yake Mbula, ambaye Kihara mwenyewe alimwombea kazi hiyo kwa watu aliowajua. Maji yalipoanza kutoka, Musyoka alipeleka habari: mdomo umetema. Kesho yake watu wawili wakapima.

Miaka ya kwanza mambo yalikwenda hivyo. Kaloki alipewa kipande cha tope, mwaka uliofuata kingine, na Mbula akavuna humo vitunguu vinene kama ngumi. Kisha upande unaozaa ukaanza kuzaa kidogo, halafu ukaacha kabisa. Kihara alisema huenda mto umejipatia njia nyingine chini ya matete. Alisema kwa huzuni, naye Kaloki akamwonea huruma.

Asubuhi ile walianza kwa Kaloki. Kihara aliteremka ukingoni akiwa ameshika kiatu kimoja mkononi, akaita namba ya fundo kutoka majini, na namba ilikuwa mbaya kuliko zote zilizotangulia. Jirani yao Nyongesa, mzee wa Kibukusu aliyelima juu kidogo na asiyejua kunyamaza, aliegemea jembe lake akiwatazama.

"Kaloki," alisema, "hilo shamba linakukimbia. Ulilikosea nini? Hebu liambie litupeleke sote Mombasa."

Kaloki akacheka pamoja nao. Wakazunguka bwawa hadi kwenye mwamba wa Kihara, na zamu hii Kaloki ndiye aliyeteremka. Alikunja suruali, akatembea na ncha ya kamba hadi vidole vyake vilipoguswa na maji, akachuchumaa, akalaza kamba chini na kuhesabu mara mbili. Fundo lilikuwa lile lile la mwaka uliopita. Tope halikuongezeka hata upana wa mkono.

Mbele yake, ndani ya maji, nduma zilikuwa zimesimama, majani yake makubwa yakitikisika, mstari baada ya mstari. Zilikwenda mbali. Miaka mitatu iliyopita alimwuliza Kihara kuhusu nduma hizo, na Kihara akamkumbusha kwamba nduma ni mmea wa maji. Anazipanda bwawani kwa sababu nchi kavu imemwishia. Ilikuwa kweli kwamba nduma hupenda maji. Kaloki hakuuliza tena.

"Pole, ndugu yangu," Kihara alisema Kaloki alipopanda. "Ningekukatia kipande katika changu, lakini umeona kwa macho yako. Ukikata hapa utanikata mguu."

"Nimeona mwenyewe," Kaloki alijibu. Kisha, kwa kuwa Kihara alionekana amefadhaika, akaongeza kwamba asijali, Mungu atafungua njia nyingine. Kihara akang'oa nduma tatu akampa awapelekee watoto. Kaloki akazipokea kwa mikono miwili.

Hakwenda kazini siku hiyo. Alikaa nyuma ya nyumba akipima kwa macho umbali kutoka ukutani hadi kwenye ukingo, akaona kwamba masika mengine kama haya yataichukua nyumba. Ilibidi kuvunja ukuta wa nyuma na kusogeza nguzo, na kusogeza nguzo kulihitaji mtu wa pili mwenye nguvu. Akaamua kwenda kumwomba Musyoka.

Hakuwa na desturi ya kwenda kule kwenye mdomo wa bwawa. Palikuwa mwisho wa tuta, palikatazwa watu kupita, na shemeji yake ndiye aliyekuwa akija Silanga kula, si yeye kumfuata. Kibanda cha mlinzi alikikuta kitupu, birika likiwa bado la moto. Akafuata sauti ya maji akidhani Musyoka yuko huko.

Maji yalikuwa yakimwagika kweli. Lakini hayakumwagika juu ya saruji. Katika kuta mbili za mfereji palikuwa na mifuo iliyochongwa zamani na wajenzi, na ndani ya mifuo hiyo zilikuwa zimeteremshwa mbao, moja juu ya nyingine, nyeusi kwa lami. Maji yalipita juu ya mbao. Saruji, rula isiyodanganya, ilikuwa chini yake urefu wa mkono, kuanzia kiwikoni hadi ncha ya vidole.

Kaloki alisimama akizitazama mbao. Jambo la kwanza lililomjia, kabla ya jambo lolote jingine, ni kwamba zilikuwa zimeungwa vizuri. Kila ubao ulikuwa na ulimi ulioingia katika mfuo wa mwenzake, na kati yao halikupenya hata tone. Kisha akaona pembeni, mahali lami ilipopauka, alama ndogo iliyochongwa kwa patasi: duara lenye mkia. Ndivyo alivyotia alama upande mzuri wa kila ubao tangu alipofundishwa kazi. Hakuna fundi mwingine Kawangware aliyetia alama ile.

Akakumbuka. Miaka minne iliyopita Kihara alikuja kwenye banda la useremala na uzi uliopimwa, akaomba mbao za mlango wa zizi la nguruwe, zizi lililokuwa kwa wakwe zake huko Kikuyu. Alitaka zisipitishe hata mkojo. Kaloki alizipiga randa kwa siku nzima. Yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza lami, akisema mikojo ya nguruwe inaozesha mbao haraka. Kihara alipotaka kumlipa, Kaloki alikasirika, akamwuliza tangu lini msimamizi wa harusi akalipia ubao.

Mengine yalijipanga yenyewe kichwani mwake. Kwenye ukingo wake, uliosimama kama ukuta, maji yakipanda urefu wa mkono hayabadilishi kitu machoni. Yanazidi tu kula pale juu ambapo udongo ni laini. Lakini kule kwa Kihara tope limelala kama mkeka. Maji yakipanda urefu wa mkono kule, yanafunika shamba zima. Alikuwa amejihadhari na kigingi, na kamba, na macho ya watu. Akaweka ncha yeye mwenyewe, mahali pa haki kabisa, kwenye maji ya uongo.

"Shemeji," sauti ilisema nyuma yake. "Umepita njia gani?"

Musyoka alikuwa amesimama na mzigo mdogo wa kuni. Kaloki hakugeuka.

"Hizi mbao huwa hapa?"

Musyoka akaweka kuni chini polepole. "Si wakati wote. Ni masika tu."

"Mpaka tukishapima."

"Mpaka Mzee Kihara aseme. Nilidhani unajua, shemeji. Si mbao ni zako?"

"Nilizitengeneza kwa ajili ya nguruwe."

Musyoka alitaka kucheka, akaona uso wa Kaloki, akaacha. Ndipo akaanza kueleza, haraka haraka, kama mtu anayejivua nguo zilizoshika moto. Mwaka wa kwanza alishangaa. Kihara alimwambia kwamba yeye na Kaloki wamekubaliana kuinua maji kidogo kwa ajili ya nduma. Mwaka wa pili alianza kuona haingii akilini. Lakini kazi hii alipewa na nani? Na chumba anacholala Kawangware ni cha nani? Hata hivyo hakuridhika, akaenda kumwuliza dada yake.

Kaloki akageuka sasa. "Ulimwuliza Mbula."

"Aliniambia nisikutie maneno kichwani."

"Lini?"

Musyoka akatazama kuni zake. "Kabla ya mtoto wenu mdogo kuanza kutembea."

Mtoto huyo sasa alikuwa akienda dukani peke yake.

Kaloki akavua viatu, akaingia katika mfereji. Maji yalimsukuma magotini. Alishika ubao wa juu, na ubao ukakataa, kwa sababu alikuwa ameutengeneza ukae. Akaomba panga. Musyoka alisita, akaangalia nyuma kana kwamba Kihara yuko kwenye tuta, kisha akamletea. Walizitoa moja moja, na kila moja ilipotoka maji yalinguruma zaidi. Kaloki akazifunga kwa kamba ya kupimia, iliyokuwa bado kiunoni mwake tangu asubuhi, akazitia begani. Alipokuwa akiondoka Musyoka alimwuliza atamwambia nini Mzee Kihara. Kaloki akasema amwambie mwenye mbao alizihitaji.

Alifika nyumbani, akaziegemeza ukutani karibu na mlango, pale ambapo mtu hawezi kuingia wala kutoka bila kuziona. Mbula alikuwa akimenya nduma za Kihara. Alizitazama mbao, zilizokuwa bado zinachuruzika maji. Angeuliza ni za nini. Mke yeyote ambaye mumewe amerudi na mbao za lami begani angeuliza ni za nini. Mbula akainamisha kichwa akaendelea kumenya, na kwa hilo Kaloki akajua kwamba Musyoka hakumsingizia.

Bwawa si ndoo. Halikushuka kwa saa moja. Lilishuka kidogo leo na kidogo kesho, na katika siku hizo Kaloki hakumwambia mtu neno. Alikwenda Kawangware, akapiga randa, akamwamkia Kihara na Kihara akamwamkia. Jioni alirudi, akala, akalala. Mbula alifagia, akazizunguka mbao pande zote kwa ufagio, bila kuzigusa. Watoto wakaulizana kama baba anataka kutengeneza kitanda.

Kule upande wa pili, mistari ya nduma ilianza kutoka majini mmoja baada ya mwingine. Chini ya majani hapakuwa na kilindi chochote. Palikuwa na matuta yaliyolimwa, marefu, yenye njia katikati za kupitishia mikokoteni ya mkono. Miaka mingine yalijitokeza kiangazi tu, na watu wakadhani ni maji yamerudi nyuma; sasa yalitoka wakati mdomo bado unatema. Nyongesa aliyaona kabla ya watu wengine, na mara hii hakupata mzaha wa kusema. Alimwambia Kaloki tu kwamba kule kuna ardhi ya kulisha kanisa zima.

Kihara alimfuata bandani. Alikuwa amevaa mabuti yenye tope bichi. Akangoja mteja aondoke, kisha akafunga mlango wa mabati nyuma yake.

"Ungekuja kwangu kwanza," alisema.

"Nilikuja kwako miaka yote hii. Tulikuwa tunashikana kamba."

Kihara akakaa juu ya rundo la mbao, akapangusa paji la uso. Hakukana. Alisema mambo yalianza kidogo kidogo. Vibarua wa kulima walimwomba sehemu, naye akawapangisha mistari, na mtu ukishampangishia huwezi kumwambia mwaka ujao kwamba mstari wake umekwenda kwa rafiki yako. Zaidi ya hayo, ardhi ile si yake wala ya Kaloki. Ni ya serikali. Kaloki akitaka kwenda kwa chifu aende, na chifu atawafukuza wote wawili, pamoja na Nyongesa na wajane wanaouza mboga.

"Kwa hiyo tulikuwa tunagawana kisicho chetu," Kihara alimaliza. "Ukweli ndio huo."

"Basi ungeniambia hivyo," Kaloki alisema. "Ungeniambia, Kaloki, nimebadili nia, tope ni langu. Ningenuna kidogo, ningerudi kazini. Kwa nini ulinishikisha kamba? Kwa nini ulinipeleka majini nikuletee uongo wako kwa mkono wangu, halafu nikakuambia usijali?"

Kihara akakwangua tope la mabuti yake kwa kipande cha ubao. Kwa mara ya kwanza Kaloki alimwona amezeeka.

"Mkeo hakulalamika," Kihara alisema. "Nduma anazouza Makina unadhani zinatoka wapi? Watoto wako wamekula tope lile kuliko wangu."

Kaloki alikuwa na randa mkononi. Akaiweka chini kwa uangalifu, ubavu wake chini ili makali yasiguse benchi, kama alivyofundishwa.

Kihara akainuka. Alisema kwa sauti ile yake ya taratibu kwamba hataki kugombana na mtu aliyesimama naye kanisani. Kaloki akakate sehemu yake kule, yote aliyoliwa tangu maji yalipoanza kuinuliwa, na hakuna kibarua atakayemgusa. Lakini hii pembe ya ploti ana mtu mwingine anayeitaka. Jumamosi amwachie ufunguo. Kisha akatoka, na mlangoni akasimama kana kwamba kuna salamu alizosahau. Akaenda zake.

Jumamosi Kaloki aliusukuma mkokoteni wenye benchi lake na vyombo vyake kutoka Kawangware hadi Silanga. Watu wa Makina waliomzoea walimwuliza kama amepata duka jipya. Akawaitikia kwamba ndiyo.

Jioni Mbula alizungumza. Alianza yeye, akiwa bado amesimama, kanga kiunoni. Alisema alijua, na hatasema hakujua. Alimwendea Kihara siku ile ile aliyoulizwa na Musyoka, akitaka kumtukana, naye Kihara akamwonyesha mistari miwili ya nduma na kumwambia avune. Alifikiri njia yote ya kurudi nyumbani. Akaona kwamba mumewe akijua atapigana, na akipigana atapoteza benchi, na Musyoka atapoteza kazi na chumba, yote kwa ajili ya tope lisilo na hati. Akaona ni afadhali watoto wapate kula.

"Na sasa tazama," alisema, akiuonyesha mkokoteni. "Nilikosea wapi, Baba Katunge? Si ndivyo ilivyokuwa?"

Kaloki hakuweza kumwonyesha mahali alipokosea. Kila neno lilikuwa sawasawa, kama mbao zile. Alichoweza kumwambia ni kwamba kila mwaka, hata baada ya kujua, usiku wa kuamkia siku ya kupima, yeye Mbula alikuwa akimwachia ndoo ya maji ya kulowekea kamba.

Mbula akakaa chini.

Kesho yake, baada ya ibada, walikwenda wote wawili upande unaozaa, kwa kuwa sehemu ilipaswa kukatwa na kamba inataka watu wawili. Kaloki alikuwa ameiloweka mwenyewe. Alisimama kwenye mwamba na ncha moja, Mbula akateremka na nyingine katikati ya nduma, akipungua, mpaka ikabaki leso ya kichwani tu juu ya majani. Kamba ikanyooka. Kutoka chini sauti yake ikaja, ikaita fundo.

Lilikuwa fundo kubwa. Nyumba mpya ingeweza kukaa hapo, na shamba, na banda la useremala likabaki na uwanja. Kaloki alilisikia, akalirudia moyoni. Akangoja furaha.

"Umefika kwenye maji?" akauliza.

"Nimefika."

"Yanakugusa vidole?"

"Yananigusa."

Hapakuwa na sababu ya kumdanganya. Shamba lilikuwa lake pia. Kila hatua aliyoongeza au kupunguza ilikuwa hatua yake. Kaloki aliyajua hayo yote. Alisimama hapo na ncha ya kamba, akiitazama ile leso iliyotulia kati ya majani, ikimngojea aandike alama. Kisha akaiachia ncha yake, akateremka kwenda kutazama, na nyuma yake kamba ikalegea kutoka kwenye mwamba, ikaanguka topeni.